Sura ya Saba: Mahudhurio ya Wasiokuwepo

Ugomvi ulisikika tangu barabarani. Sajini alipousukuma mlango wa kioo wa duka la kamera, saa tatu na robo asubuhi, alimkuta mshonaji amepiga kiganja juu ya kaunta, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na meneja wa duka amerudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa rafu.

"Kamera yenu ni kipofu!" alisema mshonaji.

"Mama, kamera ni nzima. Picha si unaiona?"

"Naiona. Naona mlango. Kwani mimi nilinunua mlango? Mlango ninao! Nilinunua jicho la kuona watu."

"Sasa kama hakuna mtu aliyepita, kamera imtoe wapi?"

"Nimepita mimi! Asubuhi hii nimetoka kutupa taka, nimerudi, nimeichukua simu ya mume wangu mezani, nimejitafuta. Sikujiona. Mtu mzima na uzito wangu huu, nimepita mbele ya kamera yako kama hewa!"

Sajini aliufunga taratibu mlango wa kioo nyuma yake. Kituoni walimwita Sajini Rula, kwa kuwa hakupiga mstari wala kupima alama ya kiatu bila rula yake ya chuma. Walisema pia kwamba mwanamke huyo wa rula akikosea, jambo lisilotokea mara nyingi, hulipigia mstari kosa lake mwenyewe. Maneno ya mshonaji yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

Kesi ilikuwa yake. Siku mbili kabla, mchana kweupe, mashine ya kudarizi na gauni la bi harusi lililokuwa limebakiza vifungo tu vilitoweka nyumbani kwa mshonaji. Aliyekuwa nyumbani siku hiyo ni wifi yake, mdogo wa mumewe, msichana anayemsaidia kushona. Msichana alieleza kwamba saa nne alitoka kununua nyuzi, akafunga mlango kwa funguo, akarudi saa sita na kukuta meza iko tupu. Lakini picha za kamera, kuanzia saa nne hadi saa sita, zilionyesha mlango uliofungwa na korido isiyo na mtu. Hakuna aliyeingia, na msichana naye hakutoka. Basi alikuwa mwongo, na kutoka mwongo hadi mwizi ni hatua moja. Alikuwa mahabusu tangu siku ile, na leo saa nane mchana angesimamishwa mahakamani. Karatasi iliyompeleka huko ilikuwa na saini ya Sajini.

"Mama," alisema Sajini, "hebu nipe hiyo simu."

Mshonaji alimpa. Sajini alirudisha picha nyuma hadi asubuhi ile. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Mlango wa kahawia, vigae vyeupe, taa ya duara. Hakuna mshonaji, hakuna taka.

"Siku ya wizi wewe ulitoka saa ngapi?"

"Saa moja. Nilikwenda kumpima mteja."

Sajini alitafuta saa moja ya siku ya wizi. Mlango haukufunguka.

Alihisi masikio yanapata moto. Siku ile alikuwa ameangalia kipande cha saa mbili tu, kuanzia saa nne hadi saa sita, kwa sababu ndicho alichoonyeshwa. Hakuuliza yaliyotangulia. Askari wa mwezi mmoja angeuliza.

Mlango wa duka ulifunguliwa tena. Aliyeingia alikuwa mume wa mshonaji, dereva wa gari la mizigo, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole, na pumzi zilikuwa zikimwenda mbio.

"Mke wangu, unatuaibisha. Nipe simu twende nyumbani."

"Siendi. Dada yako yuko ndani."

"Ni dada yangu, damu yangu. Anayeumia ni mimi kuliko wewe." Alimgeukia Sajini. "Lakini nitasemaje, afande? Kamera haina undugu."

"Simu itabaki kwangu kwanza," alisema Sajini. "Meneja, nataka kitabu cha malalamiko. Na fundi aliyefunga kamera hii."

Kitabu kililetwa, chembamba, chenye vumbi. Sajini alikifungua juu ya kaunta, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kuishusha mstari kwa mstari. Malalamiko yalikuwa ya kawaida: waya umeliwa na panya, neno la siri limesahauliwa. Rula ilisimama mahali pamoja, ikashuka, ikasimama tena. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amelalamika mara sita katika miezi miwili. Mkono wa meneja ulikuwa umeandika: *Anadai anaona watu wanaingia na kutoka katika nyumba yake. Nyumba haikaliwi. Jibu: mteja ni mzee.*

"Huyu ni nani?"

Meneja alicheka. "Huyo ni mgonjwa wetu, afande. Amehamia kwa binti yake, nyumba yake iko tupu, lakini kila siku ana wageni! Mara ya mwisho nilimwambia awaandalie chai."

"Ulikwenda kuangalia?"

"Kuangalia nini? Binti yake mwenyewe alikwenda, akakuta kufuli na vumbi. Mzee amechanganyikiwa, basi."

Sajini aliandika namba ya simu ya mwalimu kwenye daftari lake, akaipigia mstari.

Fundi alitokea nyuma, anajifuta mikono. Jina lake halikutajwa na mtu. Wote walimwita Waya. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu anayelehemu bila miwani.

"Waya, picha ya kamera inaweza kugandishwa?"

"Inaweza, afande. Lakini ukiigandisha, na saa iliyo pembeni inaganda."

Sajini aliitazama simu. Sekunde zilikuwa zinakimbia. "Mtu anaweza kuchukua picha ya jana akaionyesha kama ya leo?"

"Anayejua anaweza."

"Wewe unajua?"

"Najua. Lakini sikufanya."

"Neno la siri la mashine ya kurekodia picha nani analo?"

"Mimi. Na mwenye simu."

"Wewe unaijua nyumba, unaijua kamera, unalo neno la siri. Mimi ningekuwa mwizi ningetamani kuwa wewe."

"Afande, nina watoto!"

"Wezi nao wanao. Siku ya kufunga, uliijaribu?"

"Niliijaribu. Picha ilikuwa safi."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Sajini aliona. Mtu anaweza kuficha dhambi au akaficha uvivu, na macho huanguka sakafuni kwa yote mawili. Alitaka kujua huyu anaficha kipi.

"Twendeni nyumbani kwa mama huyu," alisema. "Wote, ila meneja abaki na duka."

*

Mshonaji aliishi ghorofa ya tatu, mlango wa kulia, katika jengo refu la rangi ya majivu. Korido ilikuwa ileile ya kwenye simu: mlango wa kahawia, vigae vyeupe, taa ya duara. Kamera ilikuwa pembeni mwa dari, taa yake ndogo nyekundu inawaka.

Sajini alipima kwa macho, kisha kwa rula. Hakuona kosa.

"Waya, baki hapa nje. Simama chini ya kamera, inua mikono yote miwili. Usishushe mpaka nikuambie."

"Mikono yote miwili?"

"Una mitatu?"

Aliingia ndani pamoja na mshonaji na mumewe, akaufunga mlango. Chumba kilijaa vitambaa. Kwenye meza ndefu palikuwa na alama nne za mviringo, mahali miguu ya mashine ilipokuwa imekaa. Sajini aliinua simu.

Korido ilikuwa tupu.

"Waya! Umesimama?"

"Nimesimama!" Sauti ilipenya mlangoni, karibu kabisa. "Mikono juu kama jambazi!"

Sajini alihesabu sekunde kumi kwenye saa ya picha. Vigae, mlango, taa. Hakuna mtu.

"Nilikwambia nini?" alinong'ona mshonaji. "Kipofu."

Kisha, katika picha, mtu akaingia.

Alikuwa mwanamke mwenye kilemba cha bluu, anasukuma ufagio mrefu. Alifagia hadi mbele ya mlango, akainama, akaokota karatasi. Mshonaji alimshika Sajini mkono kwa nguvu.

"Huyo nani? Afande, huyo nani mlangoni kwangu?"

Sajini aliruka hatua mbili na kuufungua mlango kwa ghafla.

Waya alikuwa pale, peke yake, mikono juu, amekodoa macho. Hapakuwa na mwanamke wala ufagio. Sajini aliitazama simu mkononi. Mwanamke wa kilemba cha bluu alikuwa bado anafagia, bila haraka, mbele ya mlango uliofungwa. Mlango huohuo Sajini alikuwa ameushika kitasa, na ulikuwa wazi.

Sajini, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alihisi nywele za mikono zinasimama, akajikuta amenyoosha kidole kupapasa hewa mahali ambapo yule mwanamke alipaswa kuwapo. Alikirudisha haraka.

"Mungu wangu," alisema mshonaji. Aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho. "Ngoja. Ngoja kwanza. Huyu namjua! Huyu ni mfagiaji wa jengo la pili."

"Jengo gani la pili?"

Mshonaji alimvuta hadi dirishani. Ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari palisimama jengo jingine la rangi ya majivu, ghorofa kwa ghorofa, dirisha kwa dirisha, kama limetolewa fotokopi.

"Pacha," alisema mshonaji. "Mjenzi mmoja, ramani moja. Mlango wao ni mlango wetu. Hata wageni wangu hupotea."

Waya aliingia mbio kutazama. Alipoliona jengo alirudi nyuma, akakaa sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa.

"Vifuniko," alisema.

"Sema vizuri."

"Siku ile nilikuwa na kazi mbili, afande. Huku na kule. Mashine za kurekodia huwa naziunganisha na simu za wateja kulekule dukani, mezani. Kisha narudisha kila moja kwenye boksi lake, na juu ya kifuniko naandika jina la mteja. Kwenye kifuniko, si kwenye mashine. Garini maboksi yalifunguka, nikafunika upya." Alishika kichwa. "Nilibadilisha vifuniko. Mashine ya kule iko huku, na ya huku iko kule."

"Ulisema uliijaribu."

"Kwa skrini yangu ndogo! Unachomeka kwenye mashine, unaona mlango, unaona picha safi. Mlango ni uleule! Ilitakiwa nijaribu na simu ya mteja, lakini mteja hakuwepo, na mimi nilikuwa na haraka."

Kwa hiyo ulikuwa uvivu. Sajini alishusha pumzi, na papo hapo akaishika tena, kwa maana wazo la pili lilikuwa limefika. Kama simu hii inauona mlango wa jirani, ipo simu nyingine inayouona mlango huu. Kuna mtu, mahali fulani, ambaye kwa miezi miwili amekuwa akiwatazama watu wa nyumba hii wakiingia na kutoka, katika nyumba anayojua kwamba ni tupu. Mtu aliyelalamika mara sita, akaambiwa awaandalie chai.

Alitoa daftari na kupiga namba iliyopigiwa mstari. Alipokuwa akisubiri aligeuka, akaona jambo dogo. Mshonaji alikuwa dirishani, Waya sakafuni, wote wawili vinywa wazi. Mume wa mshonaji hakuwa amekwenda dirishani wala hakuwa ameomba kuona simu. Alisimama palepale karibu na mlango wa jikoni, anatazama meza yenye alama nne. Mwalimu alipopokea, Sajini alimuuliza tu anakoishi, akakata simu.

"Kaka," alisema Sajini, "gari lako liko chini?"

"Liko."

"Tupeleke mahali. Kwa mteja mwingine mwenye malalamiko ya kamera."

*

Binti wa mwalimu alikaa mitaa miwili kutoka pale, nyumba ya chini yenye veranda. Sajini alitangulia kupanda ngazi, mshonaji nyuma yake, kisha Waya, na dereva mwishoni. Mlango ulifunguliwa na mzee mwenyewe, mkongojo mkono mmoja, amevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Mara..."

Salamu ilimkatikia mdomoni. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Sajini. Mkongojo ulianza kutetemeka, ukagonga sakafu kwa vipigo vidogo vidogo.

"Namba Moja," alisema mzee.

"Samahani?"

"Namba Moja! Mwenye tepu shingoni!" Alirudi nyuma, mkono ukitafuta ukuta. "Mwanangu! Mwanangu, njoo upesi! Wamekuja! Wametoka kwenye simu!"

Binti yake alikuja mbio kutoka ndani, mikono ina povu.

"Baba, tulia. Baba."

"Unawaona? Sema ukweli wako. Unawaona?"

Binti alitazama kundi lililokuwa kwenye ngazi. "Nawaona, baba."

"Wote?"

"Wote wanne."

Mzee alikaa kwenye kiti cha karibu kama mtu aliyekatwa kamba. Sajini alipiga goti mbele yake, akamweleza polepole habari ya majengo mawili na vifuniko viwili. Mwalimu alisikiliza, midomo ikisogea, kama anayesahihisha insha. Sajini alipomaliza, mzee hakumwangalia yeye, alimwangalia binti yake.

"Basi mimi ni mzima?"

Binti alijifuta uso kwa mikono ileile yenye povu.

"Jumatatu walikuwa wanipeleke kwenye nyumba ya wazee," mwalimu alimwambia Sajini. "Fomu ziko mezani. Sikuwalaumu. Mtu anayeona wasiokuwepo, utafanya naye nini?"

"Mwalimu, picha za siku ya wizi bado unazo?"

"Picha ninazo. Lakini nina kitu bora kuliko picha." Alijinyoosha, na sauti yake ikarudi darasani. "Walipokataa kuniamini nilisema, nitaweka kumbukumbu. Nimeshika daftari la mahudhurio miaka thelathini na minne. Hata mashetani wakiingia darasani kwangu, wataitwa majina."

Alitoa daftari kubwa la mistari. Kurasa zilikuwa zimegawanywa kwa kalamu nyekundu: namba, saa ya kuingia, saa ya kutoka, maelezo. Mwandiko haukutetemeka hata kidogo. Sajini, aliyejivunia mistari yake, aliona kwamba hapa alikuwa mbele ya mkubwa wake.

"Namba Moja, mwanamke mwenye tepu," alisema mwalimu. "Namba Mbili, binti mwenye mkoba wa kijani. Mtoto wa adabu yule. Akifunga mlango huuvuta mara mbili kuhakikisha. Siku hiyo unayoitaka..." Kidole kilishuka. "Namba Moja, katoka saa moja na dakika mbili. Namba Mbili, katoka saa nne na dakika saba, kafunga, kavuta mara mbili."

Mshonaji aliziba mdomo. "Alitoka! Alisema kweli! Jamani, mtoto wa watu alisema kweli, na mimi nikamwita mwizi mbele ya majirani!"

"Endelea, mwalimu."

"Saa nne na dakika thelathini na moja. Kaingia kwa funguo zake. Hakubisha hodi. Saa nne na dakika arobaini na nne, katoka, kabeba kitu kizito kimefunikwa shuka ya maua. Karudi mikono mitupu saa nne na dakika hamsini, katoka tena na mfuko mrefu mweupe, kaukunja mara mbili, kama mtu anayekunja kitu asichokijua thamani yake."

"Shuka yangu," alisema mshonaji kwa sauti ndogo. "Na mfuko wa gauni." Kisha, "Nani? Kaingia nani?"

"Namba Tatu," alisema mwalimu. Aliinua uso, miwani ikashika mwanga wa mlangoni. Mkono wake ulinyooka juu ya kichwa cha Sajini, kuelekea veranda, ukasimama pale bila kutetemeka. "Yule pale."

Hakuna aliyegeuka mara moja. Hata Sajini, aliyekuwa ameanza kulishuku jambo hilo tangu dirishani, alihitaji pumzi moja kabla ya shingo yake kumtii. Dereva alikuwa kwenye kizingiti. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mzee huyu haoni vizuri," alisema.

"Simu, mwalimu," alisema Sajini.

Mwalimu aliitafuta tarehe, akaigusa. Picha ilikuwa safi, kama Waya alivyosema. Mwanamume mrefu alikuja katika korido, akatazama nyuma mara moja. Kisha, kabla hajaingiza funguo, aliinua uso akaitazama kamera moja kwa moja, bila wasiwasi, kama mtu anayemtazama kipofu.

Mshonaji alitazama mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alivua tepu shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaifungua, akaiviringisha tena.

"Baba watoto," alisema. "Ni wewe."

"Nisikilize..."

"Hapana, nisikilize mimi," alisema Sajini, akisimama kati yake na ngazi. "Simu ya kamera imekuwa mfukoni mwako miezi miwili. Unaingia na kutoka kila siku. Mkeo amejitafuta mara moja tu, asubuhi ya leo, akagundua haonekani. Wewe uligundua lini?"

Dereva alitazama ngazi nyuma ya Sajini.

"Lini?"

"Siku ya kwanza." Sauti ilikuwa ileile ya upole. "Nilisimama chini yake nikapunga mkono kama mtoto. Sikujiona. Nikasema itakuwa mbovu."

"Hukumwambia mkeo. Hukurudi dukani. Na siku ya wizi uliniletea kipande cha saa mbili, umeshakikata, umeshakitayarisha, kisha ukaniambia kamera haina undugu."

"Nilijua haioni," alisema dereva. "Sikujua kuna mtu anaona."

"Mashine iko wapi?"

"Iko kwa mtu, gereji. Na gauni. Havijaguswa."

"Na dada yako?" Hili liliulizwa na mshonaji. "Gauni tutalipata. Mashine tutaipata. Dada yako, uliyelelewa naye sahani moja, uliyemtoa kwenu kwa mkono wako ukaniambia, mke wangu, huyu ni mwanao. Umemwacha kule siku mbili, unakuja nyumbani, unakula, unalala?"

"Nilidhani wangemwonya tu wamwachie."

Mwalimu alifungua kalamu yake nyekundu, akaandika katika daftari, mbele ya Namba Tatu, *kaka yake Namba Mbili*, akakausha wino kwa pumzi. Binti yake aliinama kutazama, akageuza uso pembeni.

*

Saa saba na dakika ishirini Sajini alikuwa kituoni. Dereva alishaandikishwa, askari wawili walishatumwa gereji, na jalada lililokuwa liende mahakamani lilikuwa juu ya meza, limepigwa mstari mmoja mwekundu toka kona hadi kona, kwa rula.

Walimleta msichana. Alikuwa mdogo kuliko Sajini alivyomkumbuka. Nguo zake zilikuwa zimekunjamana, lakini uso ulikuwa umeoshwa, na nywele zimebanwa kwa uangalifu wa mtu anayekwenda mbele za watu.

"Saa nane bado, afande," alisema.

"Huendi. Uko huru. Wifi yako yuko nje, ameshindwa kuingia, anaona aibu." Sajini aliyasema yaliyofuata akiwa amesimama, kwa maana aliona si haki kuyasema akiwa ameketi. "Ulisema kweli tangu mwanzo. Ulitoka saa nne na dakika saba, ukafunga, ukauvuta mlango mara mbili. Nilikuwa na wajibu wa kujua, nami sikujua. Nisamehe."

Msichana alitazama mlango, kisha meza, kisha mlango tena, kama mtu aliyeambiwa habari kwa lugha asiyoizoea.

"Amepatikana mwizi mwenyewe?"

"Amepatikana."

"Nani?"

Sajini alitafuta njia ya kuzunguka, hakuiona. "Kaka yako."

Msichana hakulia. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi, kimetumika nusu, akakiweka mezani kwa uangalifu, mbali na karatasi za Sajini.

"Alikuja jana kuniona," alisema. "Aliniletea hii. Akalia, afande, machozi kabisa. Akaniambia, mdogo wangu, kamera imeshasema, usibishane nayo. Ukikiri watakuhurumia, yataisha, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Ukamwambia nini?"

"Ni kaka yangu, afande." Alikuwa bado anaitazama sabuni. "Nilioga leo asubuhi, nikajiandaa. Saa nane nilikuwa nakwenda kukiri."